UZI: McDowell, West Virginia. Kaunti iliyokuwa na watu karibu laki moja, leo imebaki na 19,111

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa uchaguzi wa Marekani kulikuwa na mabishano makali kuhusu kaunti za vijijini zinazompa Trump asilimia 80 ya kura. Wengi walimaliza hoja kwa neno moja: wajinga. Nikaahidi kuleta kaunti moja tuichambue kwa ardhi yake, watu wake na siasa zake, halafu kila mtu aamue akiwa na taarifa mkononi. Mimi nakaa Virginia, upande wa pili wa mlima, na kazi ya lori hunipitisha McDowell mara kwa mara. Nimeisoma kwa sababu nimeipenda.

Twende na ardhi kwanza, maana bila ardhi hutaelewa kitu.

McDowell iko kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la West Virginia, ikipakana na Virginia. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,385, pungufu kidogo ya Unguja. Makao makuu ni mji wa Welch. Ilimegwa kutoka kaunti ya Tazewell mwaka 1858, ikapewa jina la James McDowell aliyewahi kuwa gavana wa Virginia. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, West Virginia ikajitenga na Virginia na McDowell ikaenda nayo. Kumbukeni mpaka huo, utakuja kuwa na maana kubwa kwa watu weusi.

Hii ni milima ya Appalachia. Kwa urefu haimtishi mtu aliyeona Meru au Uluguru, ila imebanana. Maji yameichonga nchi miaka na miaka mpaka kukawa na migongo mikali na makorongo membamba tu, hakuna uwanda. Mto mkubwa ni Tug Fork. Kijito cha Elkhorn huungana nao hapo hapo Welch, kisha maji hukimbilia kaskazini-magharibi mpaka mto Big Sandy, na Big Sandy humwaga Ohio. Miji yote imejipanga kufuata maji: Northfork, Keystone, Kimball, Welch, Davy, Iaeger. Kusini kuna Gary na War.

Ukipita barabara kuu namba 52 kutoka upande wa Bluefield utaona mpangilio ule ule kilomita baada ya kilomita: mto, reli, barabara, mstari mmoja wa nyumba, halafu mlima unaanza. Sehemu nyingine mlango wa mbele wa nyumba uko hatua chache kutoka lami, na nyuma ya jiko kuna mwamba. Nyumba za juu zinafikiwa kwa ngazi za zege zinazopanda mpaka unajiuliza bibi mzee anapandishaje mtungi wa gesi. Kando ya njia bado yapo masalia ya matanuri ya kuokea makaa, safu za matao ya mawe yaliyofunikwa na magugu.

Ardhi ya tambarare ni ile tu iliyo kando ya mto. Maana yake, penye nafasi ya kujenga shule, duka au zahanati ndipo mafuriko yanapopita.

Utajiri wenyewe uko chini. Makaa ya mawe ya Pocahontas, hasa tabaka linaloitwa Namba 3, yana moshi mdogo na joto kali. Meli za kivita ziliyataka, viwanda vya chuma viliyataka zaidi, kwa sababu yakiokwa hutoa koka safi ya kuyeyushia chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1880 reli ya Norfolk and Western ikaingia McDowell, na makaa yakaanza kushuka kwenda bandari ya Norfolk. Mpaka leo mabehewa yanashuka njia hiyo hiyo.

Naendelea na watu.

#2 Mdau (Mbeya)

Nimekaa pale. Weka takwimu za sensa mkuu, tusiongee hewani.

#3 Mleta mada

Takwimu hizi hapa ndugu yangu.

Mwaka 1880, kabla ya reli, kaunti nzima ilikuwa na watu 3,074. Wakulima wadogo, wawindaji, nyumba za magogo. Mwaka 1900 wakawa 18,747. Mwaka 1910 wakafika 47,856, mwaka 1930 wakafika 90,479, na mwaka 1950 ndiyo kilele: 98,887.

Baada ya hapo ni mteremko. 1960 walibaki 71,359. 1970 walibaki 50,666. Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipopanda duniani makaa yalipata nguvu, kwa hiyo sensa ya 1980 inaonyesha 49,899, karibu wamesimama. Kisha 35,233 mwaka 1990, 27,329 mwaka 2000, 22,113 mwaka 2010, na 19,111 mwaka 2020. Ndani ya miaka 70 wameondoka au kufa bila kurithiwa watu wanne kati ya kila watano.

Na hata hao 19,111 wapunguzeni kichwani. Sensa ya Marekani humhesabu mfungwa mahali alipofungwa. Karibu na Welch kuna gereza la serikali kuu lililofunguliwa 2010 lenye uwezo wa kuchukua zaidi ya watu 1,000, na mjini kwenyewe jengo lililokuwa hospitali limegeuzwa gereza la jimbo. Wafungwa hao wamo kwenye hesabu ya wakazi, ila kura hawapigi, na wengi wao hawajawahi kuona duka la Welch.

Wengi hudhani watu walihama kwa sababu makaa yaliisha. Hayakuisha. Mwaka 1950 kiongozi wa chama cha wachimbaji, UMWA, John L. Lewis, alisaini mkataba mkubwa na wenye migodi: wachimbaji wapate mshahara mzuri na mfuko wa afya na pensheni, na chama kisizuie mashine. Zikaja mashine zinazokata na kupakia makaa kwa mkupuo mmoja. Kazi ya watu wengi ikafanywa na wachache. Wakati huo huo nyumba za Marekani zikahamia gesi na mafuta, na treni zikahamia dizeli. Norfolk and Western yenyewe, iliyokuwa imejengwa juu ya makaa, ilizima injini zake za mwisho za mvuke mwaka 1960.

John Kennedy alipofanya kampeni West Virginia mwaka huo huo, aliitumia McDowell kama mfano: kaunti inayochimba makaa mengi kuliko ilivyowahi, na papo hapo ndiyo yenye watu wengi wanaopokea chakula cha msaada kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Alipoingia ikulu, kuponi za kwanza za majaribio za kununulia chakula zilitolewa Welch, Mei 1961. Waziri wa kilimo, Orville Freeman, alikuja mwenyewe kumkabidhi mchimbaji asiye na kazi mwenye familia kubwa. Programu ile sasa inalisha mamilioni ya Wamarekani, na ilianzia katika korongo hili.

Pigo la pili ni miaka ya 1980. Pale Gary kampuni ya U.S. Steel ilikuwa na migodi tangu mwanzo wa karne ya 20. Hata jina la mji ni la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Chuma cha Marekani kilipoanguka, kampuni ikafunga. Mji uliojengwa na kampuni moja ukabaki bila mwajiri.

Kidogo kuhusu Welch ya wakati wa neema, maana picha za sasa zinadanganya. Magari yalijaa mjini mpaka mwaka 1941 manispaa ikajenga jengo la ghorofa la kuegesha magari, linalotajwa kuwa la kwanza Marekani kumilikiwa na manispaa. Mji wa korongoni, nchi nzima ikija kujifunza kwao.

#4 Mdau (Nakuru)

Asante kwa uzi. Swali langu: kaunti hii inaongozwa na nani? Kwetu Kenya kaunti ziko 47 na kila moja ina gavana, bunge lake na mgao kutoka Nairobi. McDowell wana gavana?

#5 Mleta mada

Hapana kaka. Gavana ni wa jimbo zima, anakaa Charleston. West Virginia peke yake ina kaunti 55, na Marekani nzima zinapita 3,000, kwa hiyo usizilinganishe na za Kenya kwa madaraka.

McDowell inaongozwa na tume ya kaunti yenye makamishna 3 wa kuchaguliwa. Hawatungi sheria kubwa; wanapanga bajeti, wanasimamia mahakama kama jengo, simu za dharura, na mambo ya namna hiyo. Pembeni yao wanachaguliwa wengine kwa kura zao wenyewe: sherifu, karani wa kaunti, karani wa mahakama, mthamini wa mali na mwendesha mashtaka. Bodi ya elimu nayo huchaguliwa na wananchi.

Sherifu hapa ni mtu mzito. Ni mkuu wa polisi wa kaunti na ndiye mkusanya kodi. Katiba ya jimbo haimruhusu kukaa zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Sababu unaielewa ukijua historia: enzi za makambi ya makaa, aliyemshika sherifu alishika kila kitu. Nyumba ya kampuni, duka la kampuni, na mara nyingi mshahara ulilipwa kwa sarafu za kampuni zisizotumika kwingine. Mchimbaji akijiunga na chama cha wafanyakazi, familia inatolewa nje na vyombo vinawekwa barabarani.

Mahakama ya Welch ina ngazi zinazopanda kutoka barabarani. Tarehe 1 Agosti 1921 Sid Hatfield, mkuu wa polisi wa Matewan kaunti ya Mingo, alipanda ngazi hizo na rafiki yake Ed Chambers, wote na wake zao, kuja kujibu mashtaka. Hatfield alikuwa shujaa wa wachimbaji kwa sababu mwaka mmoja kabla, Mei 1920, aliwakabili mawakala wa Baldwin-Felts, kampuni ya walinzi iliyokodiwa na wenye migodi, waliokuja Matewan kuwatoa watu majumbani. Mawakala wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wanamsubiri Welch. Wakampiga risasi yeye na Chambers mchana kweupe, kwenye ngazi za mahakama. Hakuna aliyefungwa. Mwezi huo huo haujaisha, wachimbaji wapatao 10,000 wenye silaha wakaanza kuandamana kuelekea mlima Blair, kaunti ya Logan, na ikawa vita kubwa kuliko zote za wafanyakazi katika historia ya Marekani.

Ngazi bado zipo. Nimesimama hapo. Ukiangalia juu unaona saa ya mnara, ukiangalia chini unaona jinsi mtu asingekuwa na pa kukimbilia.

#6 Mdau (Temeke)

Umetaja watu weusi na mpaka wa Virginia halafu ukanyamaza. Tunasubiri.

#7 Mleta mada

Sijasahau ndugu, hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Wenye migodi walipohitaji mikono walituma watu kwenda kusini: Virginia, North Carolina, Alabama. Walituma pia bandarini kupokea Wahungaria, Waitaliano na Wapolandi. Kufikia 1910 zaidi ya robo ya watu wa McDowell walikuwa weusi, watoto na wajukuu wa watumwa. Malipo yalikuwa kwa tani, na tani ya mtu mweusi ilikuwa tani.

Sasa sikilizeni mpaka. Virginia iliandika katiba mpya mwaka 1902 yenye kodi ya kura na vikwazo vingine, na watu weusi wakaondolewa kwenye daftari kwa maelfu. West Virginia haikufanya hivyo. Kwa hiyo mchimbaji mweusi akiwa upande mmoja wa mlima hana kura, akivuka upande wa pili ana kura kamili. Shule zilitenganishwa kwa rangi, hilo lazima lisemwe, lakini kura ilikuwepo na waliitumia. Walichagua madiwani na walipata kazi za ualimu kwa sababu wanasiasa waliwahitaji.

Mji wa Keystone ulikuwa na gazeti la weusi, McDowell Times, na mhariri wake M. T. Whittico alikuwa akiiita kaunti yake Dola Huru ya McDowell. Januari 1928 mjumbe wa bunge la jimbo kutoka Keystone, E. Howard Harper, akiwa amefariki, gavana alimteua mjane wake, Minnie Buckingham Harper, kushika kiti. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuketi katika bunge lolote la kutunga sheria Marekani. Mwaka huo huo Kimball wakazindua jengo la kumbukumbu ya askari weusi wa vita kuu ya kwanza, la kwanza la aina yake nchini. Liliungua baadaye, likajengwa upya, na bado unaliona ukipita barabara ya 52, nguzo zake mbele.

Kisiasa, basi, McDowell ya wakati huo ilikuwa ya Republican, chama cha Lincoln, rais aliyewaachia huru watumwa, na kura ya weusi ndiyo ilikuwa uti wa mgongo. Kisha ukaja mdororo wa uchumi, akaja Rais Roosevelt wa Democratic, sheria za 1933 na 1935 zikampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na ndani ya muda mfupi makambi yote yakawa UMWA. Kaunti ikahamia Democratic na kukaa huko karibu kila uchaguzi wa rais mpaka 2008. Kwenye kuta za nyumba za wachimbaji ungekuta picha ya Yesu, ya Roosevelt na ya John L. Lewis.

#8 Mdau (Dodoma)

Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa. Watu waliopewa haki na Democratic, wakapewa chakula na Kennedy, leo wanamchagua Trump. Huko ni kupiga kura dhidi ya tumbo lako mwenyewe. Samahani mleta mada, huruma yako imezidi.

#9 Mleta mada

Karibu mkuu, hoja yako ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Nakujibu kwa utaratibu.

Kwanza, angalia mwaka 2008. Barack Obama, mtu mweusi mwenye baba Mkenya, alishinda McDowell kwa asilimia 53. Kaunti ambayo wakati huo zaidi ya watu wanane kati ya kumi ni wazungu. Kwa hiyo anayesema ni ubaguzi peke yake aeleze 2008.

Miaka minne baadaye Mitt Romney wa Republican akachukua asilimia 64. Ndani ya miaka minne! Katika kura za mchujo za Democratic mwaka huo wa 2012, mfungwa mmoja aliyekuwa gerezani Texas alijiandikisha kugombea dhidi ya Obama, akapata zaidi ya asilimia 40 za kura za West Virginia nzima. Watu walikuwa wanapeleka ujumbe kwa njia waliyoipata. Gesi ya bei rahisi ilikuwa inaua makaa ya umeme, kanuni za mazingira zikaongezeka, na migodi ikawa inafungwa. Kwa maoni yangu gesi na mashine ziliua ajira nyingi kuliko kanuni yoyote. Lakini gesi haina uso, na mashine haigombei urais. Serikali ina uso.

Machi 2016 Hillary Clinton, aliyekuwa akiwania urais kwa Democratic, akasema hadharani, huko Ohio, kwamba wataondoa wachimbaji wengi na kampuni nyingi za makaa kwenye biashara. Alikuwa anaelezea mpango wa kuwaletea kazi mbadala, na ukisikiliza hotuba nzima unalisikia hilo. Korongoni ilifika sentensi moja tu. Mwezi Mei Bernie Sanders, msoshalisti, akamshinda kwenye mchujo wa Democratic katika kaunti zote 55 za jimbo. Novemba Trump akachukua McDowell kwa karibu asilimia 75, na katika 2020 na 2024 akakaribia 80. Hata gavana Jim Justice, ambaye familia yake ina migodi McDowell, alichaguliwa 2016 kwa Democratic, na Agosti 2017 akahamia Republican akiwa jukwaani pamoja na Trump. Leo ni seneta.

Mtu huyo huyo wa Gary anaweza kuwa alimpa Obama 2008, Sanders mwezi Mei, na Trump mwezi Novemba. Anachotafuta hakijabadilika: nani anataja kazi yangu kwa jina bila kunionea aibu?

Na kuna jambo ambalo ramani nyekundu, rangi ya Republican, inalificha. Mwaka 2016 Trump alipata kura kama 4,600 McDowell, Clinton kama 1,400. Kaunti ilikuwa na watu karibu 20,000. Toa watoto, toa wafungwa, bado kundi kubwa kuliko yote ni la watu wazima waliobaki nyumbani. Wametoka kwenye chama cha Lincoln, wakaenda kwa Roosevelt, wakaenda kwa Trump, na katikati ya safari maelfu wameshuka kabisa kwenye gari. Hawa ndio ninaotaka tuwajadili, na hakuna mwandishi wa habari anayewafuata kwa kuwa hawavai kofia nyekundu za wafuasi wa Trump.

#10 Mdau (Dodoma)

Hilo la 2008 sikulijua. Napunguza ukali, ila nasubiri uniambie kwa nini hawakujenga kitu kingine katika miaka 100 ya neema.

#11 Mdau (Geita)

Mimi nauliza la hela. Huku kwetu mgodi unalipa halmashauri ushuru wa huduma kwa asilimia ya mauzo, na bado tunalalamika. McDowell walibakiwa na nini?

#12 Mleta mada

Wakuu wawili, jibu ni moja: ardhi si yao.

Kabla reli haijafika, mawakala walizunguka milimani miaka ya 1870 na 1880 wakinunua haki za madini na ardhi yenyewe kwa wakulima wengi ambao hawakujua chini kuna nini. Ardhi ikaishia kwa kampuni za Philadelphia na New York. Kampuni ya ardhi hukodisha kwa kampuni ya kuchimba, yenyewe inapokea mrabaha na haichafui mikono. Mpaka leo sehemu kubwa ya kaunti ni mali ya kampuni zilizo nje ya jimbo, na wachunguzi walioandika habari za umiliki wa ardhi Appalachia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta wamiliki hawa wakilipa kodi ya ardhi ndogo mno ukilinganisha na thamani ya kilichomo.

Sasa fikiria wewe ni kijana wa Welch, unataka kujenga karakana. Tambarare ni ya reli, ni ya kampuni ya ardhi, au iko ndani ya njia ya mafuriko. Mlima huwezi kuununua hata ukiwa na pesa, kwa sababu mwenye nao hauzi. Huo ndio ugumu wa "kujenga kitu kingine" mkuu wa Dodoma.

Kodi ya uchimbaji ipo. West Virginia inatoza makaa ya koka kama haya asilimia 5, ila sehemu kubwa sana inaingia hazina ya jimbo, kaunti inapata mgao mdogo. Mgodi ukifungwa, mgao huo unakauka mwaka huo huo, na thamani ya mali iliyokuwa ikilipiwa kodi kwa ajili ya shule nayo inaanguka. Mwaka 2001 jimbo lilizichukua shule za McDowell kwa sababu ya hali yake mbaya, na lilizirudisha kwa bodi ya kaunti mwaka 2013. Walimu walikuwa hawakai kwa kukosa nyumba za kupanga, mpaka chama cha walimu cha Marekani kikaingia na mradi ambao mwisho wake ni jengo jipya la makazi ya walimu katikati ya Welch.

Damu nayo iwekwe kwenye hesabu. Tarehe 10 Januari 1940 mgodi wa Bartley ulilipuka, wakafa wanaume 91 siku moja. Hiyo ni ajali moja tu.

Hata benki iliwageuka. First National Bank ya Keystone, mji wa watu mia kadhaa, ilijitangaza kuwa na mali ya zaidi ya dola bilioni 1. Septemba 1999 wakaguzi wa serikali waliifunga baada ya kugundua mikopo ya zaidi ya dola milioni 500 iliyokuwa kwenye vitabu haipo. Wazee waliokuwa na akiba juu ya kiwango cha bima walipoteza.

#13 Mdau (Columbus, Ohio)

Dada yenu nipo Ohio, ni muuguzi. Wazee wengi ninaowahudumia wametoka makorongo hayo miaka ya 1950 na 1960, walifuata viwanda. Mapafu yao yamejaa vumbi la makaa. Mzee mmoja akisikia treni ya mizigo usiku anauliza kama ni ya Norfolk. Tafadhali zungumzia afya.

#14 Mleta mada

Shikamoo dada, nashukuru kwa mchango.

Watafiti wa takwimu za afya walionyesha mwaka 2013 kwamba mwanamume wa McDowell alitarajiwa kuishi miaka 64. Fairfax, kaunti tajiri ya Virginia karibu na Washington, ni miaka 82. Kati ya kaunti hizo mbili ni kama kilomita 560 kwa barabara. Wachimbaji waliumia migongo, wakaandikiwa vidonge vya maumivu, vidonge vikamwagwa mijini kwa mamilioni, na watoto wao wakavirithi. Mabibi wengi sasa wanalea wajukuu.

Maji ni habari nyingine. Mabomba ya miji mingi yalitandazwa na kampuni za makaa, na kampuni zilipoondoka hazikumwachia mtu fundi wala bajeti. Keystone walikaa miaka mingi chini ya amri ya kuchemsha maji kabla ya kunywa. Njiani kuna bomba linalotoka ubavuni mwa mlima, na sijawahi kupita nikakosa gari limesimama hapo, mtu ameinama anajaza madumu ya plastiki moja baada ya jingine, mengine yameshapangwa nyuma ya pikapu. Hiyo ni Marekani.

Walmart ya Kimball ilifungwa Januari 2016. Watu zaidi ya 100 walipoteza kazi, na benki ya chakula ya jirani ikapoteza chakula ilichokuwa ikipewa na duka hilo. Wenye gari wakaanza kufuata mboga mwendo wa saa nzima kwa barabara za kona.

Na mafuriko: Julai 2001, Mei 2002, halafu Februari 2025. La mwisho lilikuwa baya sana, Tug Fork ilipanda kwa kasi, watu wakafa, na rais akatangaza hali ya janga kubwa. Mwisho wa kila mafuriko familia kadhaa huamua kutorudi.

Pale penye dalili ya fedha mpya ni kwenye njia za pikipiki za magurudumu manne za Hatfield-McCoy. Watalii wanakuja kutoka mbali kupanda njia za zamani za migodi, wanalala Northfork, Gary na War. Nyumba zilizokuwa za wachimbaji zimepakwa rangi zikawa za wageni. Nawaombea iendelee, ingawa kazi za kutandika vitanda hazijawahi kulipa kama za UMWA.

#15 Mdau (Dodoma)

Swali la mwisho mkuu. Kwa nini wasihame wote, yaishe?

#16 Mleta mada

Wengi walishahama, ndiyo maana ya zile sensa. West Virginia ilikuwa na wabunge 6 katika bunge la Washington mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya sensa ya 2020 imebaki na 2. Kila anayehama anamwachia aliyebaki sauti ndogo zaidi, na aliyebaki ndiye mwenye mama mgonjwa, mwenye nyumba isiyopata mnunuzi, au mwenye kazi ya mgodini, maana migodi bado ipo na makaa ya koka bado yana soko nje ya nchi. Kuna na wale ambao makaburi yao yote yako kwenye mgongo ule wa mlima, na kwa hilo sitegemei mtu wa kwetu aniulize kwa nini hawaondoki.

Mtu akitaka kuendeleza uzi, naomba tuchukue suala la ardhi. Nimeshaanza kukusanya habari za kampuni zinazomiliki mlima juu ya Gary, nitaziweka hapa wiki hii.

#17 Mdau (Geita)

Weka mkuu. Na ukipata mikataba ya mrabaha, weka asilimia zake, tulinganishe na zetu.